Ruta Ipewe Jina na Nani?

Umeme umekatika saa tisa usiku, betri za mnara zimeisha, ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao, imezimika. Asubuhi umeme unarudi, ruta inawaka, taa zote ni za kijani na kila waya uko mahali pake. Hakuna aliyegusa mipangilio. Lakini mtandao uliokuwa ukienda vizuri tangu mwaka jana sasa unayumba: ofisi moja inapatikana kwa sekunde chache, inapotea, inarudi, inapotea tena. Fundi anakagua redio, anabadilisha waya, anawasha upya swichi. Hapati kitu, kwa sababu vifaa vyote ni vizima. Kilichotokea ni kwamba ruta imeamka na jina jingine.

Jina hilo ni kitambulisho cha ruta, kile ambacho kwenye mipangilio huandikwa `router-id`. Wengi wetu tulifundishwa habari zake kwa sentensi moja au mbili, tukaambiwa kwamba ruta hujichagulia yenyewe, tukaendelea na mambo mengine. Nimeshakesha mara kadhaa nikitafuta hitilafu ambayo chanzo chake kilikuwa ni sentensi hiyo, na leo siwashi itifaki yoyote ya kuelekeza njia, yaani kanuni ambazo ruta hutumia kuambizana njia, kabla sijaandika kitambulisho kwa mkono wangu.

Mkanganyiko huanzia kwenye sura yake. Kitambulisho huandikwa kama anwani ya IP, kwa mfano 10.255.0.3, na mara nyingi huwa kweli ni anwani iliyopo kwenye ruta. Kwa hiyo watu hukichukulia kuwa ni anwani. Sicho. Ni namba tu ya biti 32, iliyokatwa vipande vinne ili macho ya binadamu yaisome kwa urahisi. OSPF, itifaki ambayo ruta za mtandao mmoja hutumia kupeana ramani ya njia, haitumi pakiti za data kuelekea kwenye kitambulisho. Ukiiita ruta 7.7.7.7 huku hakuna mlango wake wowote wenye anwani hiyo, OSPF itafanya kazi bila kulalamika. Inachokataa ni 0.0.0.0, maana hiyo ni sawa na kutokuwa na jina. Anwani husema kitu kiko wapi. Kitambulisho husema ni nani. Mtu anayeitwa kwa namba ya chumba alichopanga ataitwa vingine akihama, na aliyehamia chumba chake atapokea barua zake.

Sasa tazama mashine inavyojichagulia jina. Waraka rasmi wa OSPF, RFC 2328 wa Aprili 1998 ulioandikwa na John Moy, unataka kila ruta iwe na namba isiyofanana na ya nyingine yoyote ndani ya mfumo, kisha unaongeza kwamba njia mojawapo ya kuipata ni kuchukua anwani kubwa au ndogo kuliko zote zilizopo kwenye ruta. Kubwa au ndogo: waraka hauamui. Ndiyo maana ruta za kampuni ya Cisco huchukua kubwa, na BIRD, programu inayotumika sana kwenye mashine za Linux, huchukua ndogo miongoni mwa milango isiyo ya lupubaki, mlango wa ndani nitakaoueleza punde. Mtandao wenye vifaa vya makampuni mawili tayari una kanuni mbili za kupeana majina.

Kwa Cisco mpangilio uko hivi. Kwanza hutazamwa kama kuna jina lililoandikwa kwa mkono. Kama halipo, huchukuliwa anwani kubwa kuliko zote kwenye lupubaki zilizo hai. Lupubaki ni mlango wa ndani usio na waya, ambao hauzimiki kwa sababu ya kebo kuchomoka. Kama lupubaki haipo, huchukuliwa anwani kubwa kuliko zote kwenye milango ya kawaida iliyo hai wakati huo. Na mlango huo si lazima uwe unashiriki kwenye OSPF. Uchaguzi ukishafanyika, jina linashikiliwa hadi mchakato wa OSPF uanzishwe upya.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoleta balaa la alfajiri. Turudi kwenye mnara wetu. Siku ruta ilipofungwa, anwani yake kubwa kuliko zote ilikuwa 10.20.3.1, ikajiita hivyo. Miezi mitatu baadaye mtu akaongeza mlango wa kusimamia redio na kuupa 192.168.100.1, anwani ileile inayotumika kwenye kila mnara, kwa kuwa haitoki nje ya uzio wa mnara husika. Ni utaratibu wa kawaida kabisa na hauna kosa. Jina halikubadilika siku hiyo, mtandao ukaendelea, aliyefanya kazi akaenda nyumbani akijua mambo ni salama. Umeme ulipokatika ndipo ruta ilipojichagulia upya, na 192.168.100.1 ni kubwa kuliko 10.20.3.1. Mnara wa pili wenye historia kama hiyo ukizimika na kuwaka usiku huohuo, tuna ruta mbili zenye jina moja. Huku kwetu, ambako kukatika kwa umeme hakuhitaji maelezo, hilo si tukio la nadra. Vivyo hivyo kwa ruta za MikroTik zilizoachwa na anwani ya kiwandani 192.168.88.1: zikiachiwa zijitafutie jina, mbili zinaweza kuangukia hapohapo.

Kurasa mbili, jina moja

Kwa nini jina kufanana kuwe msiba mkubwa kiasi hicho? Jibu limo ndani ya namna OSPF inavyofikiri. Kila ruta huandika ukurasa mmoja kuhusu yenyewe: mimi ni fulani, nimeungana na fulani na fulani, gharama ya kila kiungo ni hii. Ukurasa huo husambazwa kwa ruta zote za eneo, yaani kundi la ruta zinazoshiriki ramani moja, na kila ruta hukusanya kurasa zote na kuchora ramani nzima. Kichwa cha ukurasa ni kitambulisho. Pembeni yake kuna namba ya toleo, na kanuni ni moja: kwa kila jina huhifadhiwa ukurasa mmoja, wenye namba ya toleo kubwa zaidi.

Chukua mtandao wa kufikirika unaofuata barabara kuu: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Singida, Mwanza, ruta moja kila mji, zote katika eneo sifuri. Fundi alinakili faili la mipangilio la Morogoro kwa ajili ya Singida, akabadilisha anwani zote za milango, akasahau mstari mmoja. Sasa Morogoro na Singida zote zinaitwa 10.255.0.2. Kati yao iko Dodoma, kwa hiyo haziongei ana kwa ana.

Ukurasa wa Morogoro unasema: 10.255.0.2 imeungana na Dar es Salaam na Dodoma. Ukurasa wa Singida unasema: 10.255.0.2 imeungana na Dodoma na Mwanza. Ukurasa wa Singida ukiifikia Morogoro, Morogoro inaona jambo la ajabu: ukurasa wenye jina langu ambao sikuuandika hivi. Kanuni ya OSPF inadhani hiyo ni nakala ya zamani iliyobaki mtandaoni baada ya ruta kuzimika na kuwaka, na inaagiza kwamba mwenye jina aandike upya kwa namba ya toleo inayozidi ile aliyoiona. Morogoro inatii. Ukurasa wake mpya unafika Singida, na Singida nayo inatii kanuni hiyohiyo. Hakuna anayekosea hata mmoja. Kila ruta inafanya sawasawa na ilivyoagizwa, na kwa sababu hiyo ugomvi hauishi.

Angalia sasa yanayompata aliyeko Dar es Salaam. Hesabu ya njia, ile aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959, ndani ya OSPF ina sharti moja: kiungo hakihesabiwi mpaka pande zote mbili zikitaje. Ukurasa wa Singida unaposhika, Dar es Salaam inasema imeungana na 10.255.0.2, lakini 10.255.0.2 haiitaji Dar es Salaam popote. Kiungo kinaachwa, na kila kitu kilicho magharibi ya Dar es Salaam kinatoweka kwenye ramani, pamoja na Morogoro iliyo jirani kabisa na ambayo waya wake ni mzima. Ukurasa wa Morogoro unaposhika, Morogoro na Dodoma zinarudi, lakini kiungo cha Mwanza kinatajwa na upande mmoja tu, nayo Mwanza inakatika. Kisha ukurasa mwingine unashika tena. Mtumiaji anaona pingi, zile jumbe fupi za kupima kama mahali panafikika, zikipita chache na kukatika chache, na anapiga simu kusema mtandao ni wa polepole.

Dalili za ugomvi huu ni rahisi kuzisoma ukijua pa kutazama. Ruta yenye afya huandika upya ukurasa wake kila baada ya dakika 30, hata kama hakuna kilichobadilika, yaani namba ya toleo hupanda kama mara 48 kwa siku. Kwenye ugomvi, kizuizi katika waraka ni kwamba ukurasa usiandikwe upya kabla ya sekunde 5 kupita, kwa hiyo ruta moja inaweza kufikisha hadi maandiko 17,280 kwa siku, ingawa watengenezaji wengi huweka breki zao za ziada. Simama kwenye ruta ya katikati, hapa kwetu Dodoma, andika `show ip ospf database router 10.255.0.2`, subiri kidogo, andika tena. Ukiona umri wa ukurasa hauzidi sekunde chache, namba ya toleo inakimbia, na orodha ya majirani inabadilika kila mara, usipoteze muda na redio. Cisco hata huandika kwenye kumbukumbu zake neno `OSPF-4-FLOOD_WAR`, na hiyo ndiyo maana yake hasa: vita.

Ruta mbili zenye jina moja zikiwa zimepakana moja kwa moja, mambo ni mepesi. Hazianzishi ujirani kabisa, ujumbe `OSPF-4-DUP_RTRID_NBR` unatokea, na unarekebisha ndani ya dakika tano. Ninaogopa zaidi zile zilizo mbali.

Kosa lisilopiga kelele

OSPF angalau hupiga kelele. BGP, itifaki inayobeba njia za intaneti kati ya mitandao na pia ndani yake, inaweza kunyamaza kimya kabisa, na hapo ndipo ninapoona watu wakipoteza siku nzima.

Ruta mbili za mfumo huru mmoja, yaani mtandao ulio chini ya usimamizi mmoja, zikijaribu kuzungumza BGP moja kwa moja huku zina kitambulisho kimoja, kikao hakifunguki. Inarudi taarifa ya kosa kwamba kitambulisho cha BGP si sahihi. Hilo linaonekana. Lakini mitandao mikubwa kidogo haizungumzishi kila ruta na kila ruta. Huweka kiakisi cha njia katikati, na wengine wote huzungumza nacho. Ili njia zisizunguke bila mwisho, kiakisi hubandika kwenye kila njia kitambulisho cha ruta iliyoileta kwanza, na ruta yoyote ikipokea njia yenye kitambulisho chake yenyewe huitupa, ikidhani ni sauti yake inayorudi. Sasa fikiria ruta ya Arusha na ya Mbeya zina jina moja, zote ni wateja wa kiakisi kilekile. Vikao vyote viko hai. Kiakisi kinaziona njia zote. Miji mingine yote inaifikia Arusha na inaifikia Mbeya. Ni Arusha na Mbeya tu ambazo hazionani, na hakuna mstari wowote mwekundu kwenye skrini. EIGRP, itifaki ya kuelekeza njia iliyotengenezwa na Cisco, nayo hufanya vivyo hivyo kwa njia zilizoingizwa kutoka nje yake: ikiona jina lake juu ya njia, inaitupa bila kusema.

Ndani ya BGP kitambulisho kina kazi nyingine ya kukata shauri. Njia mbili zikifanana kwa vigezo vyote vilivyotangulia, huchaguliwa ile iliyotoka kwa ruta yenye kitambulisho kidogo zaidi. Kwenye OSPF ni kinyume: katika kuchagua ruta teule, ile inayosemea ruta zote zilizo kwenye mtandao wa pamoja, kipaumbele kikilingana, mwenye kitambulisho kikubwa hushinda. Nimeona watu wakipandisha kitambulisho ili ruta fulani ishinde uchaguzi huo. Siwashauri. Kipaumbele kimewekwa kwa kazi hiyo. Jina libaki jina.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waangalifu, wale ambao tayari wana lupubaki kwenye kila ruta. Siku moja unaongeza lupubaki ya pili yenye anwani ya pamoja, ileile kwenye ruta mbili au tatu, ili huduma kama DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ijibiwe na ruta iliyo karibu na mtumiaji. Anwani hiyo ikiwa kubwa kuliko ya lupubaki ya kwanza, ruta zote zitakapowaka upya zitajiita kwa anwani hiyo ya pamoja. Umetengeneza kufanana kwa majina kwa kazi nzuri kabisa.

Na IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP, haikuondoa haja hii, imeizidisha. OSPFv3, inayobeba IPv6, bado hutumia kitambulisho cha biti 32. Anwani ya IPv6 ina biti 128, haitoshei. Ruta isiyo na anwani hata moja ya IPv4, mfumo wa zamani wa biti 32, haina pa kuchukua jina, na Cisco itakuambia wazi kwamba imeshindwa kuchagua, uandike mwenyewe. BGP nayo iko hivyohivyo, ila tangu mwaka 2011 sharti limelegezwa: RFC 6286 inasema kitambulisho ni namba yoyote isiyo sifuri, mradi isirudiwe ndani ya mfumo huru mmoja. Kumbe waandishi wa itifaki wenyewe waliishia kukiri kwamba si anwani.

Kuandika, na kuandika mahali pawili

Amri yenyewe ni fupi. Kwa Cisco, ndani ya `router ospf 1`, unaandika `router-id 10.255.0.4`, na ndani ya `router bgp` unaandika `bgp router-id 10.255.0.4`. Kwa Junos, mfumo wa ruta za Juniper, ni mstari mmoja unaotumikia itifaki zote, `set routing-options router-id 10.255.0.4`. Kwa BIRD ni `router id 10.255.0.4;`, na RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik, ina sehemu yake maalumu, `/routing id`. Fanya hivyo kabla ya jirani wa kwanza kupatikana, maana jina linalowekwa mapema halimgharimu mtu.

Nikiulizwa namba gani itumike, jibu langu ni anwani ya lupubaki ya ruta hiyo, iliyoandikwa waziwazi kama kitambulisho pia. Wapo wanaopenda namba zisizo anwani, kama 0.0.0.12, na hawana kosa. Lakini ukitumia anwani ya lupubaki, jina unaloliona kwenye ramani ya OSPF saa nane za usiku unaweza kulipiga pingi na kuingia kwenye ruta hiyo papo hapo. Kwa mtu aliyechoka, hiyo ni faida kubwa.

Ila kuandika kwa mkono peke yake hakutoshi, na mfano wetu wa Singida ulikuwa wa jina lililoandikwa kwa mkono. Mashine ikijichagulia, hatari ni jina kubadilika. Ukiandika wewe, hatari ni jina kunakiliwa. Mtahini hawezi kujua kwamba watahiniwa wawili wamepewa namba moja ya mtihani. Hilo hukamatwa kwenye orodha ya usajili. Kwa hiyo kila jina liandikwe pia kwenye daftari moja la mtandao mzima, hata liwe lahajedwali lenye safu tatu: jina la mahali, namba ya kifaa, kitambulisho. Daftari hilo lisomwe kabla ya ruta mpya kuondoka ofisini. Kama mnatumia kiolezo cha mipangilio, nafasi ya kitambulisho iachwe tupu kabisa, isiwe na namba ya mfano. Kiolezo kinachogoma kwa kukosa namba kitakuudhi kwa dakika moja. Chenye namba ya mfano kitaipeleka namba hiyo hadi minarani.

Kubadilisha jina kwenye mtandao unaofanya kazi ni jambo jingine, na linataka usiku wa matengenezo. Ukiandika kitambulisho kipya kwenye ruta ya Cisco yenye majirani, hakianzi kazi mpaka uandike `clear ip ospf process` au uiwashe upya. Usiache mabadiliko yakining'inia hivyo, kwa sababu umeme utayamalizia siku usiyoichagua. Kwa Junos ni kinyume: ukithibitisha tu, mabadiliko yameanza na ujirani umeanguka. Kwa BGP, kubadilisha kitambulisho huvunja vikao vyote, na ruta ya mpakani inayopokea jedwali zima la intaneti, zaidi ya njia laki tisa za IPv4, itahitaji muda kuzipokea upya. Tafuta pia mahali ambapo jina la zamani limeandikwa kwenye ruta nyingine: kiungo pepe cha OSPF, yaani kiungo kisicho na waya wake chenyewe kinachopita ndani ya eneo jingine, hutaja kitambulisho cha upande wa pili, na kitaanguka kikitaja jina lisilokuwepo tena.

Ruta ikianzisha upya OSPF kwa utaratibu, inatakiwa kwanza kufuta kurasa zake za zamani. Ikizimika ghafla haipati nafasi hiyo, na kurasa zenye jina la zamani hubaki kwenye ramani za wengine hadi zitimize sekunde 3,600. Kwa hiyo usifunge kazi mara tu ujirani unaporudi. Kaa saa moja, kisha litafute jina la zamani kwenye hifadhi ya OSPF. Likiwa halipo, sahihisha daftari ukalale. Likiwa bado lipo na umri wake ni dakika chache tu, basi kuna ruta nyingine mahali fulani inayolitumia, na kazi ya usiku huo ndiyo kwanza inaanza.